Koli au Springa: Ni Mbwa Yupi Anayefaa Nyumba Yenu?



Liko ombi moja ambalo husikika mara kwa mara katika nyumba za jumuiya yetu hapa Uingereza, hasa zile zenye watoto wa umri wa miaka saba hadi kumi na minne: ombi la kufuga mbwa. Mtoto huwaona wenzake wakiwatembeza mbwa wao bustanini kila jioni, huwakuta mbwa katika vitabu vya shule na katika televisheni, kisha hurudi nyumbani na swali ambalo mzazi aliyekulia Mombasa, Tanga, Unguja au Bujumbura hakulitarajia. Mbona sisi hatuna?

Wazazi aghalabu hujibu kwa njia mbili. Wapo wanaokataa papo hapo bila ya kutoa sababu, na mtoto hubaki akidhani kwamba wazee wake hawana huruma kwa wanyama. Wapo pia wanaokubali kwa sababu huona haya kukataa. Hununua kitoto cha mbwa kwa kupendezwa na sura yake, na miezi sita baadaye hutafuta mtu wa kumchukua. Njia zote mbili huzaa majuto. Kukataa kwaweza kuwa ndiyo hekima, na kukubali kwaweza kuwa ndiyo hekima; lililo muhimu ni kwamba jibu litokane na kujua.

Makala haya yanawaangalia mbwa wa aina mbili ambao huvutia sana macho ya watoto katika nchi hii. Wa kwanza ni Border Collie, yaani koli wa mpakani, ambaye hapa tutamwita Koli. Wa pili ni English Springer Spaniel, ambaye tutamwita Springa. Wote wawili ni wazuri wa sura, wana akili, na umbo lao ni la kadiri. Na wote wawili wana tabia moja ambayo muuzaji huenda asiitaje: hawajui kukaa bure.

MBWA WA KWETU NA MBWA WA HUKU

Wengi wetu tulikua tukimjua mbwa kama askari wa nyumba. Mchana alifungwa, usiku alifunguliwa. Alikula ugali uliobaki na vichwa vya dagaa. Alilala nje, na langoni palitundikwa kibao cha kuwaonya wapitao. Hakuna aliyeuliza nasaba yake. Akiugua, alipona au alikufa.

Hapa mambo ni mengine. Mbwa hukaa ndani, hupelekwa kwa daktari wa mifugo, huchanjwa, na hata huwekewa bima. Tusiyacheke mambo haya, kwani nyuma yake ipo sheria. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu ustawi wa wanyama, inayotumika England na Wales, inamlazimisha mwenye mnyama kumpatia mahali panapofaa pa kuishi, chakula kinachostahili, nafasi ya kuonyesha tabia zake za asili, kuwa pamoja na wanyama wengine au kutengwa nao kadiri ya haja yake, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi. Mtu anayemfunga mbwa mnyororo uani mchana kutwa, bila matembezi wala uangalizi, asishangae akibishiwa hodi na wakaguzi.

Hivyo basi, tunapozungumza juu ya kufuga mbwa hapa, tunazungumza juu ya kumwongeza mmoja katika idadi ya watu wa nyumbani, kwa muda wa miaka kumi na miwili au zaidi. Mtoto anayeomba mbwa akiwa na miaka kumi atakuwa chuo kikuu au kazini, na mbwa bado yupo. Nani atakayemtembeza siku hizo?

SUALA LA DINI

Kwa familia za Kiislamu, swali la kwanza si la aina ya mbwa, bali ni la kufuga mbwa kwenyewe. Wazee wetu wa pwani walisema kwamba mchezea mbwa humfuata msikitini, na methali hiyo haikuzuka bure. Watu wengi wa mwambao wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa, na mwili wake unapokuwa na umajimaji, kuwa ni najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Zipo hadithi za Mtume zinazoeleza kwamba mwenye kufuga mbwa asiye wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda mashamba hupungukiwa thawabu kila siku.

Upande wa pili pia unastahili kusemwa, maana watoto wetu huusikia shuleni na hudhani tunawaficha. Wafuasi wa madhehebu ya Maliki humwona mbwa kuwa ni tohara, na wale wa Hanafi wengi wao huona kwamba najisi iko katika mate tu. Qurani inaruhusu nyama ya mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofundishwa, na inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na watu wa pangoni. Imepokewa vilevile habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu. Tena mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester ulikubali mbwa wa kumwongoza kijana asiyeona afike naye hadi ndani ya jengo, akakaa mahali palipotengwa nje ya ukumbi wa sala.

Makala haya hayana mamlaka ya kutoa fatwa. Tunachosema ni kwamba jambo hili lipelekwe kwa shekhe mnayemwamini kabla mtoto hajaahidiwa chochote. Nyumba ambamo bibi anaswali sebuleni kwenye zulia lile lile atakalolala mbwa aliyelowa mvua ni nyumba itakayokuwa na ugomvi, hata kama kila mmoja ana nia njema. Nazo familia za Kikristo zisiruke sehemu hii, kwa maana wageni wetu ni wa dini zote, na si vyema mtu akaacha kuja kwako kwa sababu hakuambiwa mapema.

KOLI: MCHUNGAJI ASIYELALA

Jina lake latokana na nchi ya mpakani, baina ya England na Scotland, penye vilima, mvua na kondoo wengi. Mchungaji mmoja hukusanya kondoo mamia waliotawanyika milimani, na peke yake hawezi. Kwa hiyo kwa vizazi vingi walichaguliwa mbwa wenye mbio, wenye kustahimili baridi, na wenye kusikiliza mluzi kutoka mbali. Mwaka 1873, huko Bala katika nchi ya Wales, yalifanyika mashindano ya kwanza ya mbwa wachungaji katika kisiwa hiki. Mwaka 1893, katika wilaya ya Northumberland, alizaliwa mbwa aliyeitwa Old Hemp, mali ya mfugaji Adam Telfer. Mbwa huyo alifanya kazi kwa utulivu pasipo kelele wala kuuma, na Koli karibu wote wa leo wana damu yake.

Silaha ya Koli ni jicho. Huinama, huteremsha kichwa, humkazia kondoo macho, na kondoo hugeuka. Tabia hii haikufundishwa na mtu; imo katika damu. Na hapa ndipo penye tatizo la nyumbani. Koli asiye na kondoo hutafuta kondoo wake mwenyewe. Atawachunga watoto wanaokimbia bustanini, akiwazunguka na pengine kuwadonoa visigino kwa meno. Atainamia magari barabarani, baiskeli na wakimbiaji. Wengine huwinda vivuli ukutani, au huzunguka mahali pamoja kutwa nzima, kama mtu aliyeelemewa na mawazo.

Akili yake ni ya ajabu kweli. Huko South Carolina nchini Marekani, mwalimu mstaafu wa saikolojia, John Pilley, alimfundisha Koli wake aitwaye Chaser majina ya vitu 1,022, na habari hiyo ilichapishwa katika jarida la kitaalamu mwaka 2011. Wazazi wengi wakisikia kisa hiki husema: basi, huyo ndiye. Lakini wasikie pia nusu ya pili: mwalimu yule alimfundisha mbwa wake kwa saa nne hadi tano kila siku, kwa muda wa miaka mitatu. Akili ya Koli ni kama shamba lenye rutuba. Usipolipanda mazao, litaota magugu, na magugu yake ni kuguguna milango, kuchimba bustani na kubweka.

Kwa umbo, Koli ana uzito wa takriban kilo 14 hadi 20, na kimo cha kama sentimita 53 begani kwa dume. Manyoya yake ni ya tabaka mbili na hupukutika sana, zaidi mara mbili kwa mwaka. Wengi wao huogopa kelele za ghafla. Usiku wa fataki wa tarehe 5 Novemba huwa kwao ni mateso. Maradhi ya kuchunguzwa katika ukoo wake ni ubovu wa nyonga, kasoro ya macho ya kurithi, uziwi na kifafa.

SPRINGA: MSAIDIZI WA MSASI

Springa naye alizaliwa kwa kazi ya kuwinda. Kazi yake ni kupita mbele ya msasi kwa mkato wa kwenda na kurudi, akinusa, na kuwakurupusha ndege na sungura kutoka vichakani ili wapigwe. Kisha huenda kuokota kilichoanguka na kukileta mdomoni bila kukitafuna. Zamani mbwa wa uzazi mmoja waligawanywa kwa ukubwa tu: wakubwa wakaitwa jina hili na wadogo wakaitwa Cocker. Ilipofika mwaka 1902 chama kikuu cha mbwa cha Uingereza, The Kennel Club, kilimtambua Springa kuwa ni aina ya peke yake.

Iwapo Koli ni jicho, Springa ni pua. Ndiyo maana polisi na watu wa forodha hapa Uingereza huwatumia sana mbwa hawa, na huenda umewaona viwanja vya ndege wakinusa mizigo. Mmoja wao, aliyeitwa Buster, alitunukiwa Nishani ya Dickin mwaka 2003 kwa kugundua silaha zilizofichwa huko Safwan, nchini Iraq.

Tabia yake na watu ni ya uchangamfu. Anapenda wageni, anapenda watoto, na anapenda kuwa palipo na watu. Akiachwa peke yake kwa saa nyingi huhuzunika na kulia mpaka jirani akagonga ukuta. Anapenda maji kupita kiasi. Dimbwi lolote ni lake, na matope yote atayaleta nyumbani katika manyoya marefu ya miguu na tumbo. Masikio yake mapana yanayoning'inia hayapitishi hewa vizuri, na kwa hiyo huugua yasipokaguliwa na kusafishwa kila wiki. Na akishika harufu bustanini, hasikii jina lake. Mafundisho ya kumwita arudi ni lazima yaanze akiwa mdogo.

Uzito wake ni kama kilo 18 hadi 23, na kimo kama sentimita 51. Mnunuzi ajue kwamba kuna koo mbili: wa mashambani, walio wembamba na wepesi, wenye moto wa kazi, na wa maonyesho, walio wazito kidogo, wenye masikio marefu zaidi na mara nyingi utulivu zaidi. Maradhi ya kuchunguzwa ni ubovu wa nyonga, magonjwa ya macho, na ugonjwa wa kurithi wa neva uitwao fukosidosi, ambao huua, lakini hujulikana mapema kwa kupima wazazi.

TUKIWAWEKA KATIKA MIZANI

(a) Matembezi. Kennel Club inaeleza kwamba kila mmoja wao ahitaji zaidi ya saa mbili za mazoezi kila siku. Kila siku maana yake ni pamoja na Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza na mvua. Hapa hakuna mshindi.

(b) Kazi ya akili. Springa akikimbia vya kutosha na akatafutishwa mpira uliofichwa majanini, hurudi akalala. Koli akikimbia tu bila ya kufikirishwa, hurudi na nguvu mpya. Hapa Springa ni mwepesi zaidi kwa nyumba ya kawaida.

(c) Watoto wadogo. Springa ana hatari ya kumwangusha mtoto kwa furaha. Koli ana hatari ya kumchunga. Kosa la kwanza ni rahisi kulivumilia. Hata hivyo, mbwa yeyote, awe mpole namna gani, asiachwe peke yake na mtoto mchanga, na watoto wafundishwe kutomgusa mbwa anapokula au anapolala.

(d) Usafi. Koli hupukutisha manyoya. Springa huleta maji, matope na harufu. Kwa nyumba inayochunga tohara, Springa ndiye mgumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi huwa amelowa.

(e) Wageni. Nyumba zetu hazina ratiba. Ijumaa yaweza kuwa na watu wanne, na Jumamosi ishirini. Springa hufurahi, Koli huchoka na makelele, na yafaa apewe chumba cha kujificha.

(f) Ulinzi. Anayetaka mlinzi asichukue yeyote katika hawa. Koli atabweka, Springa atamkaribisha mwizi.

CHAKULA, NA HATARI YA SUFURIA ZETU

Kwetu mbwa hula mabaki. Hapa mazoea hayo yaweza kumuua, na si kwa sababu mbwa wa huku ni dhaifu, bali ni kwa sababu ya vilivyomo katika mapishi yetu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Na ni mchuzi gani wetu usio na vitunguu? Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo zake. Na katika pilau na biriani za sikukuu zabibu zimo. Chokoleti ni sumu kwake, na vivyo hivyo ile sukari ya badala iitwayo ksailitoli, inayotiwa katika ubani wa kutafuna na baadhi ya peremende. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa matumbo; kokwa za tende humkaba au kuziba utumbo. Wageni waambiwe mapema, maana mgeni mwema ndiye anayempa mbwa kipande cha sambusa chini ya meza.

GHARAMA NA SHERIA

Kitoto cha mbwa mwenye nasaba huuzwa kwa mamia ya pauni, na mara nyingi huvuka 1,000. Hiyo ni bei ya kuingilia tu. Baada yake zipo chanjo za kila mwaka, dawa za viroboto, kupe na minyoo, chakula, bima, na daktari. Matibabu ya mguu uliovunjika yaweza kufika maelfu ya pauni, na hospitali za taifa haziwahusu wanyama. Wenye kipato kidogo wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali wanaweza kusaidiwa na PDSA, shirika lililoanzishwa mwaka 1917 na bibi Maria Dickin katika mtaa wa Whitechapel, mashariki ya London, kwa ajili ya wanyama wa maskini. Ni jina lake ndilo lililopewa ile nishani ya Buster.

Kuhusu sheria, leseni ya mbwa iliondolewa mwaka 1987 katika England, Wales na Scotland, lakini mambo mengine yameongezeka. Tangu Aprili 2016 kila mbwa wa zaidi ya wiki nane lazima awe na kichipu cha elektroniki chini ya ngozi, chenye kumbukumbu ya mwenyewe. Mkihama nyumba, badilisheni anwani katika kumbukumbu hizo, la sivyo faini yaweza kufika pauni 500. Anapokuwa hadharani avae mkanda wa shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe. Kinyesi chake kiokotwe. Mbwa akimtia mtu hofu ya kujeruhiwa, hata ndani ya nyumba yenu, kesi ni ya mwenyewe. Na katika mashamba yenye kondoo afungwe kamba. Mkulima anayelinda mifugo yake ana kinga ya kisheria katika hali fulani hata akimpiga mbwa risasi. Kwa wenye Koli neno hili lina uzito wa pekee.

Wapangaji wasome mkataba wao. Ruhusa ya mwenye nyumba au ya halmashauri iwe kwa maandishi, si kwa maneno ya mlangoni.

NAMNA YA KUMPATA

Msiuziwe mbuzi kwenye gunia. Tangu Aprili 2020 ni marufuku katika England kwa muuza duka au dalali kuuza vitoto vya mbwa vya chini ya miezi sita. Mnunuzi aende kwa mfugaji mwenyewe, au achukue mbwa kutoka katika makao ya wanyama. Kitoto kionwe pamoja na mama yake, nyumbani kwa mfugaji, na kisichukuliwe kabla ya wiki nane. Mfugaji mwaminifu ataonyesha karatasi za vipimo vya nyonga na macho, na atawauliza nyinyi maswali mengi. Anayetaka mkutane katika maegesho ya magari, fedha taslimu, mwacheni. Springa mwenye mkia uliokatwa aulizwe hati ya daktari, kwani tangu 2007 katika England na Wales mikia haikatwi ila kwa mbwa wa kazi waliothibitishwa.

Njia ya makao ya wanyama nayo ina heri zake. Battersea ilianzishwa mwaka 1860, na shirika ambalo leo linaitwa Dogs Trust mwaka 1891. Humo wamo Koli na Springa wengi waliokwisha kukua, waliotolewa na watu walionunua kwa kupenda sura. Mbwa wa miaka mitatu tabia yake imekwisha kujulikana, na wafanyakazi watawaambia wazi kama anapatana na watoto.

SAFARI ZA NYUMBANI

Jambo hili vitabu vya huku havilitaji, lakini kwetu ni kubwa. Familia inapokwenda Dar es Salaam au Mombasa wiki sita, mbwa atakaa wapi? Nyumba za kulelea mbwa hutoza kwa siku, na hesabu ya siku arubaini yaweza kukaribia nauli ya mtu mmoja. Kumchukua pia si rahisi: mbwa anayerudi Uingereza kutoka Kenya au Tanzania lazima awe na chanjo ya kichaa cha mbwa na kipimo cha damu, na kwa kawaida angoje miezi mitatu baada ya kipimo hicho. Na msiba hauna taarifa. Atakayebishiwa hodi usiku apewe ufunguo na kamba ya mbwa ajulikane tangu sasa.

Liko na jingine zito zaidi. Mtoto aliyezoea kumkumbatia Springa wake akifika nyumbani atataka kumkumbatia kila mbwa wa mtaani. Uingereza haina kichaa cha mbwa miongoni mwa mbwa wake kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini Afrika Mashariki ugonjwa huo bado unaua watu, wengi wao watoto. Watoto waambiwe kabla ya safari: mbwa usiyemjua haguswi. Akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa. Dalili zikisha kutokea, dawa karibu haipo. Asiyeficha kidonda ameokoka. Basi mtoto asitishwe kwamba atapigwa akisema.

UAMUZI

Kaeni kikao cha nyumba, na mtoto awepo. Kwanza, mwezi mzima kabla ya kununua chochote, kila siku atoke mtu mmoja na mtoto, asubuhi na jioni, watembee jumla ya saa mbili kana kwamba mbwa yupo. Jaribio hili halina gharama, na halidanganyi. Iwapo siku ya tisa hakuna anayetoka, jibu limepatikana bila ugomvi, na mtoto mwenyewe amelishuhudia.

Nyumba ambamo wazazi wote wawili hufanya kazi za zamu, au ghorofa ya tano isiyo na bustani, isichukue yeyote kati ya hawa wawili. Huko si kumnyima mtoto. Ni kumhurumia mnyama. Nyumba yenye mtu mzima anayekuwapo sehemu kubwa ya mchana, yenye uwanja karibu, na isiyo na kizuizi cha dini, inaweza kumchukua Springa, na ni afadhali awe wa ukoo wa maonyesho au mtu mzima kutoka makao ya wanyama. Koli tunampendekeza kwa nyumba moja tu katika nyingi: ile yenye mtu ambaye anataka kufundisha mbwa iwe ndiyo shughuli yake ya kila siku, na ambaye watoto wake wamekwisha kupita umri wa kukimbia ovyo.

Kwa zile nyumba ambazo jibu lao ni hapana, mlango haujafungwa. Mtoto anaweza kumsaidia jirani mzee kumtembeza mbwa wake, pamoja na mzazi, na akirudi hunawa na kubadili nguo. Na paka yupo. Watu wa pwani wameishi na paka karne nyingi, msikitini haleti shaka, na hamlazimishi mtu kutoka kwenye mvua.

Lakini jibu lolote mtakalolifikia, mtoto aelezwe sababu zake zote, za dini, za fedha na za mnyama mwenyewe. Hapana iliyoelezwa ni malezi; ndiyo isiyofikiriwa ni mzigo ambao hatimaye utabebwa na mbwa.